Shahada ya uzamili ya uchapishaji: njia ya kuifuata kwa mtu wa Unguja na Pemba

Baba aliponisikia nasema nataka kwenda kusomea uchapishaji, aliniuliza: "Mwanangu, mashine za kuchapa si zipo hapa hapa mjini? Unakwenda kuzifuata Ulaya za nini?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwetu mtu akitaka kitabu humwendea mwenye mashine, akalipa, akapakia maboksi yake kwenye gari na kwenda zake. Kazi mbili zimebebwa na mlango mmoja. Basi anza kwa kuzitenganisha, maana usipozitenganisha wewe mwenyewe utaomba chuo kisichokufaa.

Uchapaji ni kazi ya mashine: wino, karatasi, kukunja, kukata, kubana. Uchapishaji ni kazi ya kuamua. Mswada upi uwe kitabu na upi urudishwe, uhaririwe vipi, uvae jalada gani, uuzwe bei gani, haki zake zibaki kwa nani, na utamfikiaje msomaji wa Konde ambaye hana duka la vitabu la kwenda kwa miguu. Mchapaji hulipwa kwa kila nakala aliyoitoa, iuzike isiuzike. Nakala zikilala ghalani, hasara ni ya mchapishaji. Shahada ninayoizungumzia hapa inafundisha kazi hii ya pili.

Na visiwa vyetu vinaihitaji. Mitambo ya kupiga chapa ilifika hapa mapema. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walihamia Unguja mwaka 1864 na wakapiga chapa maandishi ya Kiswahili. Jarida lao la Msimulizi lilianza Kiungani mwaka 1888. Sultan Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, naye aliweka mtambo wa vitabu vya Kiarabu. Kiswahili sanifu kikajengwa juu ya Kiunguja. Lakini Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi aliposhinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957–58, kitabu chake kilitolewa Nairobi, mwaka 1960. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na riwaya yake kwa Kiswahili ikatolewa mwaka 2022, Dar es Salaam. Siwalaumu wachapishaji wa Dar wala wa Nairobi. Wametuhifadhia fasihi yetu kwa miaka mingi, na wanastahili shukrani. Ninachosema ni kwamba waandishi tunao tele, ila watu waliosomea kuutoa mswada mikononi mwa mwandishi na kuufikisha kwa msomaji ni wachache mno. Ukiwa unawaza kuwa mmoja wao, soma hatua hizi kwa utaratibu niliouweka, khasa ya kwanza.

Hatua ya kwanza: toa kijitabu kabla ya kugusa fomu yoyote

Wengi huanza na intaneti, kutafuta vyuo na ufadhili. Mimi nakuomba uanze na mswada. Tafuta maandishi mafupi ya kweli, ya mtu mwingine na si yako: hadithi za mwalimu mstaafu, mashairi ya jirani, mapishi ya shangazi, historia ya skuli yenu. Yafanye kijitabu. Miezi mitatu au minne inatosha.

Changu kilikuwa vitendawili vya bibi yangu, mama yake mama, wa Micheweni. Nilimrekodi kwa simu, nikaandika, nikapanga kurasa kwenye kompyuta, nikapeleka kwa mchapaji na kuomba nakala 200. Nilijifunza mambo matatu ambayo baadaye nilikuta yametengewa wiki nzima nzima darasani.

La kwanza ni hesabu ya kurasa. Nilipeleka kurasa 34. Kijitabu kinachobanwa kwa pini mgongoni hutengenezwa kwa karatasi zinazokunjwa katikati, na kila karatasi moja hutoa kurasa nne. Kwa hiyo idadi lazima igawanyike kwa nne: 32, 36, 40. Changu kikawa 36, kurasa mbili za mwisho nyeupe, na nililipia weupe ule mara 200. Vitabu vikubwa hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16 au 32, na kosa la aina hiyo huko linauma zaidi.

La pili ni namba ya utambulisho, ISBN. Sikuiweka, kwa kuwa sikujua inatoka wapi. Kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Dar es Salaam. Tangu Januari 2007 ina tarakimu 13. Fungua vitabu vyako vya nyumbani utaona vingi vya Tanzania vina 978 kisha 9976 au 9987. Kijitabu kisicho na namba hii kinauzika mkononi, lakini duka kubwa au maktaba ya ng'ambo haina njia nyepesi ya kukiagiza.

La tatu ndilo lililonikaa moyoni. Bibi alisema kwa Kipemba chake cha kaskazini. Mimi, kwa kujiona nimesoma, nilisawazisha kila kitu kikawa Kiswahili cha vitabu vya skuli. Nilipomsomea alisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono, akasema: "Mazuri, mjukuu wangu. Lakini hayo si maneno yangu." Nilikuwa nimehariri mpaka nimemfuta mwenye maneno. Sikuwa na jibu siku ile. Swali la mhariri afanye nini na lahaja ndilo lililonipeleka chuoni, na ndilo lililokuja kuwa tasnifu yangu.

Ndiyo maana nasisitiza hatua hii. Kijitabu hakihitaji kuwa kizuri. Kazi yake ni kukupa swali lako mwenyewe. Ukilipata, hatua zilizobaki zitakuwa na uti wa mgongo. Ukilikosa, utajaza fomu kwa maneno ambayo kila mwombaji anayo.

Tunza kila kitu: risiti ya mchapaji, prufu zenye masahihisho ya kalamu nyekundu, orodha ya walionunua, na saa ulizotumia. Saa hizo zina thamani nitakayoieleza kwenye ufadhili.

Hatua ya pili: chagua chuo kwa kuangalia masomo, si jina la mji

Shahada yenyewe haipatikani kila chuo. Karibu na sisi, Chuo Kikuu cha Moi kilichopo Eldoret, Kenya, kimefundisha uchapishaji kwa miaka mingi, na faida yake ni kwamba mifano ya darasani ni ya soko tunalolijua: vitabu vya kiada, mitaala, lugha zaidi ya moja. Magharibi mwa Afrika kuna chuo cha KNUST mjini Kumasi, Ghana, chenye idara nzima ya taaluma ya uchapishaji. Uingereza kuna Stirling, ambako kituo cha uchapishaji kilianzishwa mwaka 1982, na Oxford Brookes, University College London na Edinburgh Napier. Kanada kuna Simon Fraser, Vancouver, ambako mwanafunzi hupelekwa kufanya kazi katika taasisi ya uchapishaji kama sehemu ya masomo. Kabla hujampa mtu yeyote fedha ya maombi, hakikisha kwenye ukurasa rasmi wa chuo kwamba kozi inapokea wanafunzi mwaka unaoutaka, kwa kuwa vyuo hufunga na kufungua kozi.

Uingereza shahada ya kusoma darasani huchukua miezi 12 na huwa na krediti 180. Kwa kawaida 60 kati ya hizo ni za tasnifu. Mwaka mmoja ni mfupi. Mtu mwenye kazi serikalini huomba ruhusa ya masomo kwa urahisi zaidi kwa mwaka mmoja kuliko miwili, lakini mwaka huo hauna nafasi ya kupumua. Sehemu nyingine kozi ni ndefu na unapata muda wa kuzama.

Soma orodha ya masomo yote. Tafuta uhariri, usanifu na upangaji wa kurasa, uzalishaji, masoko, hakimiliki na mikataba, uchapishaji wa kidijitali, na hesabu za biashara. Kozi isiyo na hesabu za biashara wala hakimiliki, mimi nisingeichukua hata kwa ufadhili, kwa sababu hayo ndiyo mambo mawili ambayo mtu hujifunza kwa shida akiwa peke yake. Uhariri unaweza kuuokota kwa kukaa karibu na mhariri mzuri.

Kuna njia ya pembeni isiyohitaji pasipoti. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TATAKI, hutoa shahada ya uzamili ya Kiswahili. Haitaitwa shahada ya uchapishaji, lakini ukimpata msimamizi anayekubali mada ya uhariri au historia ya vitabu, utaandika tasnifu ile ile huku ukilala kwenu. Ikiwa una mzazi anayekutegemea, usiione njia hii kuwa ya pili.

Hatua ya tatu: makaratasi

Hapa sitakaa sana. Unahitaji cheti cha shahada ya kwanza na transkripti, pasipoti, cheti cha kuzaliwa, wasifu wa kurasa mbili, na wadhamini wawili. Hakikisha jina lako limeandikwa namna moja kwenye kila karatasi. Kwetu mtu anaweza kuwa Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Muhammad cha skuli, na Mohammed kwenye pasipoti, na kila herufi iliyozidi itakugharimu kiapo na safari. Rekebisha sasa, kabla hakijakubana kitu.

Mtihani wa Kiingereza wa IELTS unafanyika Dar es Salaam, kwa hiyo weka hesabu ya boti na pa kulala; anayetoka Pemba ana bahari mbili za kuvuka. Usisafiri asubuhi ya siku ya mtihani. Vuka jana yake, kwani bahari ikichafuka hakuna atakayekurudishia ada. Vyuo vingi vya Uingereza huomba wastani wa 6.5 au 7, na matokeo hudumu miaka miwili. Watu wetu wengi huangushwa na sehemu ya kuandika kuliko kuzungumza. Andika insha moja kwa siku kwa wiki sita, ukijipimia muda kwa saa, na mtafute mtu wa kuisahihisha.

Wadhamini wanahitaji adabu na muda. Usimtumie mwalimu wako ujumbe siku tatu kabla ya mwisho. Mpe wiki sita, mfuate ofisini au nyumbani ukiweza, mpelekee kijitabu chako na wasifu. Ukilazimika kuanza kwa simu, andika kama hivi:

"Assalaam alaykum Mwalimu. Natumai u mzima wewe na familia. Mimi ni mwanafunzi wako wa Kiswahili, mwaka wa 2019, niliyeandika mradi wa majina ya mitaa ya Wete. Nakusudia kuomba shahada ya uzamili ya uchapishaji, na ningekuomba uwe mdhamini wangu. Naomba ruhusa nije siku utakayopanga nikuletee nakala ya kijitabu nilichokitoa. Tarehe ya mwisho ni tarehe 10 Januari. Mwanafunzi wako."

Kumkumbusha wewe ni nani na uliandika nini kunamsaidia kuandika barua yenye mambo, badala ya sifa tupu. Na akiisha kukuandikia, rudi ukamwambie yaliyotokea, umepata au umekosa.

Hatua ya nne: maelezo binafsi

Mara ya kwanza nilipoomba niliandika: "Tangu utotoni nimependa sana kusoma vitabu." Sikupata nafasi. Sentensi ile ilikuwa ya kweli, lakini kila anayeomba kozi hii anapenda vitabu, na msomaji wa fomu hakuona kwa nini anichukue mimi.

Mwaka uliofuata nilianza na kurasa mbili nyeupe. Nilieleza nilivyozilipia, nikaeleza maneno ya bibi, nikataja somo lipi la chuo kile lingenisaidia kuyajibu, na nikasema kazi gani nataka kuifanya nikirudi. Barua nzima haikuzidi maneno 700. Nilikubaliwa na vyuo viwili.

Fuata mtiririko huo: kitu ulichokifanya, kilichokushinda, unachotaka kujifunza hapo, utakachofanya baadaye. Kila dai liwe na ushahidi wa kushikika. Badala ya kuandika kwamba Zanzibar ina utajiri mkubwa wa fasihi simulizi, taja kitendawili kimoja, eleza kilitegwa na nani, na kwa nini hakuna aliyewahi kukiweka kitabuni. Usiyapambe mazingira yetu kwa karafuu na majahazi ili kumfurahisha mgeni. Yeye anatafuta mtu wa kufanya naye kazi.

Andika kwanza kwa Kiswahili. Fikra zikishakaa sawa ndipo uiandike upya kwa Kiingereza, uiandike na si kuitafsiri. Mpe mtu mmoja tu aisome. Wakiwa watano utapoteza sauti yako.

Hatua ya tano: fedha

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ndiyo ya kuiuliza kwanza. Soma tangazo la mwaka husika lote, uone kama kozi na nchi unayoitaka zimo, na kumbuka kwamba mkopo hurejeshwa.

Kwa Uingereza, ufadhili unaojulikana zaidi ni wa Chevening, na Watanzania wanaruhusiwa kuomba. Dirisha kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au mapema Novemba, kwa masomo yanayoanza Septemba ya mwaka unaofuata. Unachagua kozi tatu, na maombi ya vyuo unayafanya mwenyewe kando. Wanataka saa 2,800 za kazi, sawa na miaka miwili hivi. Wengi wetu husoma sharti hili wakakata tamaa kwa kuwa hawajaajiriwa rasmi, kumbe kazi ya muda na ya kujitolea nayo huhesabika. Kuhariri jarida la skuli, kupanga kurasa steshenari jioni, kutoa kijitabu kile cha hatua ya kwanza: yote ni saa, mradi uwe na kumbukumbu na mtu wa kuzithibitisha. Sharti jingine ni kurudi nchini kwa muda usiopungua miaka miwili baada ya masomo. Mimi naliona sharti hilo ni zuri.

Upo pia ufadhili wa Jumuiya ya Madola. Huo huangalia kozi yako itaisaidia vipi nchi, kwa hiyo usiseme unasomea vitabu tu. Sema unasomea namna ya kuwapatia watoto wa skuli vitabu kwa lugha wanayoielewa, ikiwa kweli hilo ndilo lengo lako.

Panga kalenda kwa kurudi nyuma. Kama masomo yanaanza Septemba, maombi ya vyuo yaende kati ya Oktoba na Januari iliyotangulia, ufadhili Agosti iliyo nyuma ya hapo, IELTS mapema zaidi, na kijitabu kabla ya hiyo. Jumla ni kama miezi 20. Ukianza leo, unaanzia kwenye mswada.

Hatua ya sita: nyumbani na viza

Waambie wazee mapema, kabla barua ya chuo haijafika. Mtoto wa kike khasa asimshitukize mama na ami zake kwa tarehe ya ndege. Waeleze unakwenda wapi, utakaa na nani, msikiti uko umbali gani, utarudi lini. Nyumbani kwetu kilichomtuliza mama ni kuzungumza kwa simu na dada mmoja wa Chake Chake aliyekuwa akisoma mji ule ule. Mtafute mtu kama huyo.

Kwa viza ya mwanafunzi ya Uingereza, ikiwa unajilipia, fedha za ada na kujikimu lazima zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Mtu akiazima fedha kwa jamaa wiki moja kabla hunyimwa. Mwombaji kutoka Tanzania hutakiwa pia cheti cha kipimo cha kifua kikuu. Na walio na ndoa wajue: tangu Januari 2024 wanaojilipia shahada ya uzamili ya darasani hawaruhusiwi kuchukua mume, mke au watoto. Lizungumzeni hili mapema ndani ya nyumba.

Hatua ya saba: darasani, shika hesabu kwanza

Wanafunzi wengi wa kozi hii hutoka kwenye fasihi na lugha, na huikimbia hesabu. Wewe ikimbilie. Nikupe mfano kwa shilingi zetu. Namba ni za kufundishia tu. Tuseme uhariri, kupanga kurasa na jalada vimekugharimu 1,500,000. Fedha hizo zimekwenda hata ukichapa nakala moja. Kuchapa kila nakala ni 3,000. Bei dukani ni 10,000. Duka linachukua asilimia 30, yaani 3,000. Mrabaha wa mwandishi ni asilimia 10, yaani 1,000. Toa vyote: kwa kila nakala iliyouzwa inabaki 3,000. Gawanya 1,500,000 kwa 3,000 upate 500.

Maana yake ni kwamba ukichapa nakala 300 na zote zikaisha ndani ya mwezi, watu wakakupongeza, bado una hasara ya 600,000. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza nilielewa kwa nini waandishi wa visiwani wanaojichapia wenyewe huishia kitabu kimoja. Hawakukosa wasomaji. Walipanga bei kwa kuangalia bili ya mchapaji peke yake.

Somo la pili la kulishika ni hakimiliki, na hapa Mzanzibari ana la kumfundisha hata mwalimu wake. Hakimiliki si jambo la Muungano. Bara wana sheria ya mwaka 1999 na ofisi ya COSOTA. Zanzibar tuna sheria yetu ya mwaka 2003 na ofisi ya COSOZA. Mkataba unaosema haki zimetolewa kwa "Tanzania" unahitaji kusomwa mara mbili. Mkataba wa kimataifa wa Berne unataka ulinzi wa miaka isiyopungua 50 baada ya mwandishi kufa, na Uingereza wanafika 70. Sasa jiulize: mwenye kitendawili ni nani? Bibi aliyekitega, kijiji kilichokirithi, au mimi niliyekiandika? Lipeleke swali hilo darasani, utaona mjadala.

Programu ya kupangia kurasa, ambayo mara nyingi ni InDesign, jifunze kwa vidole vyako usiku hata kama si lazima. Nenda pia kwenye Maonyesho ya Vitabu ya London, yanayofanyika kila mwaka majira ya kuchipua, ukaone haki za tafsiri zinavyouzwa mezani. Ukiwa Oxford, ujue kwamba African Books Collective wana makao huko. Wanasambaza ng'ambo vitabu vya wachapishaji wa Afrika tangu 1990, na vingi huchapwa pale tu mteja anapoagiza. Kwa kisiwa kisicho na ghala, utaratibu huo unastahili kusomwa kwa makini.

Hatua ya nane: tasnifu irudi nyumbani

Chuo kitakuachia uchague mada. Utashawishika kuandika kuhusu wachapishaji wakubwa wa London kwa kuwa makala zake zimejaa maktaba. Usikubali haraka. Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar pale Kilimani ina magazeti ya zamani, hati za serikali, na maandishi ya mkono kwa herufi za Kiarabu ambayo yanasubiri mhariri. Ukiandika kuhusu mashairi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi hizo, na maamuzi anayoyafanya mhariri akiyaleta kwenye herufi za Kirumi, hakuna mwanafunzi wa London atakayekuzidi. Wapo pia waandishi hai wa visiwani wenye mikataba na nyumba za nje, na walimu wa skuli wanaojua kitabu gani huchakaa kwa kusomwa na kipi hukaa kabatini kikiwa kipya.

Yangu ilikuwa ya lahaja. Nilichukua vitendawili 20 vya bibi, nikavihariri kwa namna tatu: Kiswahili sanifu kitupu, Kipemba kitupu, na Kipemba chenye maelezo mafupi chini ya ukurasa kwa msomaji wa mbali. Nikavipeleka kwa wasomaji wa Micheweni na wa Mjini. Watu wa Mjini walichagua namna ya tatu. Watu wa Micheweni walichagua ya pili, na mzee mmoja akaongeza kwamba maelezo ya chini yanamfanya aonekane mgeni kwenye kitabu chake mwenyewe. Kauli ile nimeiweka katika kila mwongozo wa uhariri ninaoandika mpaka leo: maelezo yakihitajika, nayaweka mwisho wa kitabu.

Omba kibali cha utafiti mapema, kwani Zanzibar ina utaratibu wake. Msimamizi wako asiyejua Kiswahili mpe tafsiri ya mifano yote, na umweleze tangu mwanzo kwamba data haitakuwa ya Kiingereza.

Hatua ya tisa: kurudi

Shahada ya nje ipeleke Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ikatambuliwe, kabla hujaomba ajira. Anza utaratibu huo wiki ya kwanza, ukiwa na transkripti halisi na nakala ya pasipoti.

Usisubiri tangazo la kazi lenye maneno "afisa uchapishaji". Nenda na kazi yako mkononi Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, nenda idara za vyuo zinazotoa majarida, taasisi za serikali zinazotoa ripoti zisizosomeka, asasi zinazotoa vitabu vya watoto. Wape ukurasa mmoja wa maandishi yao uliouhariri na kuupanga upya. Mimi kazi ya kwanza niliipata kwa ukurasa mmoja wa ripoti ya afya, niliouhariri bila kuombwa.

Nakala ya tasnifu ipeleke Kilimani, nyingine SUZA, nyingine kwa mwalimu aliyekudhamini. Halafu kirudie kile kijitabu cha kwanza: kiombee ISBN, weka majina ya wote waliokupa maneno kwenye ukurasa wa mwanzo, punguza kurasa zifike 32, na upige hesabu ya bei kabla ya kwenda kwa mchapaji. Nakala ya kwanza nilimpelekea bibi, nikakaa naye barazani nikamsomea. Safari hii alinikatiza katikati ili anitegee vingine saba.